Ngazi ya Tatu ya Piramidi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya misheni kule Plateau, Msimamizi wa Eksirei alinipokonya filamu kabla sijaisoma hata nusu. "Wewe msichana, unasoma ama unabusu?" akaniuliza. Alinirudisha nyuma hatua tatu, akaining'iniza filamu mbele ya taa. "Ukiwa mbali, angalia umbo. Ukimaliza umbo, ndio ukuje na lenzi utafute vitu vidogo." Nilishtushwa na ukali wake, lakini nilishika. Miaka yote ya filamu nilisoma mara mbili, mbali kisha karibu, na sikuwahi kujuta.

Baadaye nilihamia hospitali moja mjini Eldoret, chini ya Mkuu wa Idara, daktari mpole aliyechukia foleni. Huko ndiko nilikokutana na picha za kompyuta, za kupima saratani ya matiti. Nyinyi mliozaliwa nazo mtacheka, ila mimi nilipigwa na butwaa. Titi la mwanamke lilikuwa vidoti vya mraba visivyohesabika, viitwavyo pikseli, na kompyuta haikuweka picha moja bali iliweka piramidi nzima. Chini kabisa ilikaa picha kamili. Juu yake kulikuwa na nakala yenye nusu ya upana na nusu ya urefu, juu ya hiyo nyingine, hadi kileleni ambako titi lilikuwa dogo kama stempu.

Kila nakala hutengenezwa kwa kuchukua pikseli nne zinazopakana na kuzifanya moja, kwa wastani wa mwanga wake. Uvimbe mkubwa haudhuriki. Pengine huonekana vizuri zaidi katika picha ndogo, maana uchafu mdogomdogo umefutika. Lakini pikseli moja nyeupe kati ya tatu nyeusi hutoka kijivu, na ukipanda ngazi nyingine hata kijivu hicho hakipo. Nataka mnisikie vizuri hapa: nililijua jambo hili. Fundi aliyeleta mashine alituchorea ubaoni.

Picha zetu zilisomwa na daktari bingwa wa mji mwingine. Picha kamili ilichukua nusu siku kumfikia, na mtandao ukikatika tulianza upya, huku wanawake waliotoka mbali wamekaa kwenye benchi na hofu zao. Siku moja nikajaribu kumtumia ile ya ngazi ya tatu juu ya picha kamili. Ilifika kabla sijamaliza chai, naye akajibu papo hapo. Mkuu wa Idara akanishika bega. "Mama Nafula, wewe ndio umetuokoa." Nikavimba kichwa. Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu kutuma ngazi ya tatu. Daktari bingwa hakuuliza, nasi hatukumwambia.

Nilikuwa nakaribia kustaafu alipoajiriwa Cherono, binti wa kompyuta, aje kuifundisha mashine kutafuta dalili za saratani katika ngazi zote za piramidi. Alianza na picha zetu za zamani. Asubuhi moja akaniita. "Mama, hebu kuja uone. Hii ripoti inasema hakuna kitu, lakini nikizuum mpaka chini, si hiki ni kitu?"

Alishuka ngazi moja, ya pili, ya tatu. Katika titi lililoonekana safi kabisa kikatokea kishada cha chembe nyeupe, mfano wa chumvi iliyomwagika mezani. Ilikuwa chokaa. Chokaa ikikusanyika hivyo ndani ya titi, yaweza kuwa saratani inayoanza, kabla mkono haujahisi uvimbe wowote. Nikasoma jina, nikatafuta kiti. Alikuwa Mama Chebet, mfugaji wa Kapseret. Majibu nilimpa mimi mwenyewe. Nilimwambia yuko sawa, aende nyumbani, naye akanikumbatia.

Nilipompelekea habari, Mkuu wa Idara alifunga mlango. "Tungoje kidogo. Wacha kwanza niongee na wakili."

"Daktari, mficha uchi hazai," nikamwambia. "Mimi naenda leo."

Nilimkuta Mama Chebet akikamua ng'ombe. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea. Yeye aliisogeza ndoo kando, akajifuta mikono polepole.

"Kesho nitakuja mnipime tena," akasema. "Na wale wengine?"

"Wengine gani?"

"Tulikuwa wengi kwa ile benchi, Mama Nafula. Ama ni mimi peke yangu ulinitumia picha ndogo?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, kwa sababu njia nzima nilikuwa nimemlilia mtu mmoja. Nilirudi mjini, na kwa siku kadhaa mimi na Cherono tukafungua kila picha mpaka chini kabisa. Tukapata wanawake wengine wawili. Mama Chebet alipasuliwa mapema na bado anauza maziwa. Wa pili alirudi, akapimwa, akakutwa hana saratani. Simu ya wa tatu ilipokelewa na mumewe.

"Unamtafutia nini?" akaniuliza.

Nikamwambia kuna kitu hatukukiona kwenye picha yake.

"Tulimzika baada ya mavuno," akasema. "Alikuwa ananiambia kila siku, kuna kitu kwa hii titi. Mimi nikawa namwonyesha karatasi yenu. Nikamwambia aache kujisumbua, hospitali imesema hakuna."

Sasa nimestaafu, nakaa Kapsoya. Vijana wanaosomea kazi hii hunitembelea, nami huwaambia wamjulishe kila msomaji wa picha ni ngazi gani wamempa. Wao huandika na kuitikia kwa kichwa. Jambo ambalo siwezi kuwafundisha ni la yule mume. Mkewe alikuwa anasema kweli, na mumewe akabishana naye nyumbani kwao, akinitetea mimi.