Nionyeshe Panapovuja

Nyumba tuliyopata Maskati ilikuwa ya wakfu. Tajiri mmoja wa zamani, Mungu amrehemu, alijenga nyumba tano zilizoshikana nje ya ukuta wa mji, upande wa kwendea Sidab, akaziacha ziwe makazi ya wageni na wajane. Aliyezisimamia tukimwita wakili wa wakfu. Alikuwa mzee mpole, sauti yake ndogo, na kazi yake ilikuwa kujua nyumba ipi inataka fundi. Kila Ijumaa baada ya sala aliwauliza wapangaji pale msikitini, "Nyumba zinakwendaje?" Nao wapangaji, mume wangu akiwa wa kwanza, wakajibu, "Alhamdulillahi, hatuna taabu."

Taabu walikuwa nazo wake zao. Lakini sisi nani alituuliza?

Tuliondoka Unguja mwaka 1964, baada ya mapinduzi, mimi na mume wangu na mama yake, na masanduku mawili. Wakati ule kuingia Omani hakukuwa mchezo, waliopata ruhusa walikuwa wachache, na kila aliyepata alitembea kama aliyebeba mayai. Mama mkwe wangu ndiye aliyezidi. Kwao aliacha nyumba ya ghorofa mbili yenye ua na birika. Hapa alipewa chumba kimoja chenye dirisha dogo, na juu ya kitanda chake ilipita boriti yenye ufa wa kuingiza kidole. Mvua Maskati hazinyeshi mara kwa mara, ila zikija huja kwa hasira. Mwaka wetu wa kwanza maji yalipita kwenye ule ufa mpaka nikaweka sufuria kitandani. Nikimwambia tumwombe wakili, au angalau tusogeze kitanda, ananikatalia.

"Hiki si chumba changu nikakipangua nitakavyo," alisema. "Ni nyumba ya watu. Watu wametusitiri, mwanangu, leo tukawaambie sitara yao inavuja? Wakitwambia rudini mlikotoka, tutarudi wapi?"

Nilimpenda yule mama kuliko nilivyomwonyesha, na nilikuwa na hofu moja tu: kwamba asubuhi moja nitaingia na uji wake nimkute amefukiwa na dari.

Kisimani nilikuwa na mdomo mrefu. Wanawake wa nyumba tano tulikuwa tukiteka maji pamoja, na kila mmoja alikuwa na lake. Jirani yangu wa mwisho, mjane aliyeishi kwa kushona kofia, ukuta wa jiko lake ulikuwa umeliwa na chumvi hata ukiupiga ngumi unamwagika. Mwingine mlango wake ulikuwa haufungi. Nikasema, hawa wanaume na alhamdulillahi zao watatuua. Wakili hawezi kuingia majumbani waume zetu wakiwa kazini, basi na aje dada yake. Tukatuma salamu, na jibu likaja siku ya pili: bi mkubwa atakuja Alhamisi, apite nyumba zote tano ajionee mwenyewe.

Hapo ndipo tulipofanya ujinga ambao mpaka leo nikiukumbuka nacheka peke yangu.

Tangu Jumanne tulisafisha. Mjane alipaka chokaa ukuta wake wa jiko, tabaka mbili, ukawaka mweupe. Mwenye mlango mbovu akatundika pazia la maua. Mama mkwe akatandika mkeka mpya juu ya sakafu iliyolika, akatundika kanga zake mbili nzuri ukutani, pale pale penye madoa ya maji, akafukiza udi hata harufu ya unyevu ikakimbia. Na mimi, kiongozi wa malalamiko, nilikuwa wapi? Nilikuwa jikoni napika visheti. Mgeni anakuja, utamwacha aone nyumba chafu?

Bi mkubwa akaja. Alikuwa mrefu, mkavu, macho makali. Utotoni alikaa Unguja miaka michache, na Kiswahili chake kilikuwa kimeshika kutu lakini kinakata. Akapita nyumba zote, kila nyumba kahawa, kila nyumba kitu cha kutafuna. Kwetu alikaa kwenye kitanda cha mama mkwe, chini kabisa ya ile boriti, akauliza, "Nyumba inakutaabisheni?"

"Alhamdulillahi, bi mkubwa," akajibu mama mkwe. "Nyumba nzuri, ina baraka. Ongeza kisheti."

Nilimtazama, akanitazama. Kumkanusha mama mkwe mbele ya mgeni sikuthubutu. Nikamimina kahawa. Ijumaa wakili aliwaambia wanaume, kwa furaha kabisa, kwamba dada yake amesema nyumba za Wazinjibari ni nzuri kuliko yake mwenyewe, na fundi akapelekwa kwengine.

Mvua ikaja baada ya mwezi na kitu. Ilinyesha asubuhi moja tu. Siku mbili baadaye nilikuwa nafagia chumba cha mama mkwe, nikavuta kikapu chini ya kitanda, kikanishinda uzito. Nikafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na bonge la udongo wa dari, kubwa kama tikiti, na vipande vya mkeka wa mtende vimeganda humo. Nikainua macho. Kando ya boriti palikuwa na shimo, na chini ya shimo ulikuwa mto wake wa kulalia.

"Limeanguka lini hili?"

Alikuwa mlangoni, tasbihi mkononi. "Juzi. Nlikuwa uani nnatawadha. Hapana lililoharibika."

"Hapana lililoharibika! Na ungekuwa umelala?"

"Sikuwa nimelala."

"Ukalificha, mama! Umefagia, ukalifunika na kitambaa, ukalificha!"

"Na wewe punguza sauti, majirani watasikia."

Nilikasirika. Nilijitwika kile kikapu kichwani, nikavaa buibui juu yake nikawa kama mwenye nundu, nikapita lango la mji mpaka kwa dada wa wakili, nikakitua miguuni pake. "Bi mkubwa," nikamwambia, "hivi ndivyo visheti vya nyumba yetu." Niliporudi, mama mkwe alikuwa amekaa uani, hakunitazama. "Umenivua nguo mbele za watu," alisema. Hakusema nami tena siku ile, wala chakula changu hakukigusa. Nilijuta, na papo hapo nikajua nikirudishwa nyuma nitafanya vile vile.

Kesho yake, bila taarifa, bi mkubwa aligonga mlango. Hapakuwa na udi, wala kisheti, na kanga zimefuliwa ziko kambani. Mama mkwe akamkaribisha chumbani kwa uso wa kufa, nami nikaleta kahawa. Bi mkubwa akapokea kikombe, akakiweka chini mbele yake, akaunganisha mikono mapajani. Hakunywa.

Mimi sikuelewa, nikadhani amechukia. Mama mkwe alielewa mara moja. Baba yake alikuwa Mwarabu wa Omani, na huko Unguja aliwaona wageni wa baba yake wakifanya hivyo: mtu aliyekuja na haja huacha kahawa yake mpaka mwenye nyumba amwahidi kumtimizia. Na mwenye nyumba anayeiacha ikapoa mbele ya mgeni amejiaibisha, yeye na kizazi chake.

Mvuke wa kahawa ulikuwa unapungua, na mama mkwe anautazama.

"Kunywa, bi mkubwa," akasema mwisho. "Haja yako imekubaliwa."

"Wallahi?"

"Wallahi."

"Nionyeshe panapovuja."

Mama mkwe ameshaapa, afanyeje? Akanyanyuka polepole, akashika ukuta, akanyoosha kidole juu. "Hapa," alisema, sauti haitoki. Kisha akaonyesha doa. "Na hapa." Akainama mwenyewe, akaukunja mkeka, sakafu ikaonekana. "Na hapa maji yanasimama. Na dirisha hili halifungi, nnaingiwa na baridi ya kifua. Na moshi wa jiko wote unakuja humu chumbani kwangu." Sauti ilikuwa inapanda. Alisema "chumbani kwangu." Nilikuwa sijapata kulisikia neno lile kinywani mwake tangu tuingie Maskati. Bi mkubwa alikunywa kahawa yake, baridi vile vile, yote, kisha akatutaka tumpeleke kwa mjane. Mama mkwe akatangulia. Alipofika jikoni aliupiga ule ukuta mweupe kwa ngumi, chokaa na mchanga vikamwagika miguuni pa bi mkubwa.

Fundi alikuja wiki ile ile, na boriti mpya. Bi mkubwa aliweka sharti, ambalo lilidumu miaka yote tuliyokaa pale: fundi haondoi vyombo vyake mpaka wanawake wa nyumba ile wapande juu wakague, na kila mwaka kabla ya baridi tulizunguka na bi mkubwa mwenyewe nyumba tano, marufuku kusafisha. Aliyekutwa amefukiza udi alichekwa mwaka mzima. Mama mkwe, na magoti yake yale, alipanda ngazi kukagua dari yake, akamrudisha fundi mara mbili, hata maskini akaanza kumwombea dua badala ya kumjibu.

Mvua iliyofuata ilikuja mchana. Nilikuwa jikoni ilipoanza kupiga, nikakumbuka sufuria, nikakimbilia chumbani. Mama mkwe alishaichukua. Alikuwa kitandani, ameipakata, uso ameuinua kwenye boriti mpya, na machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Unguja hakulia, bandarini hakulia, melini hakulia. Nilishtuka, nikatazama juu, nikatazama ndani ya sufuria.

"Mama, panavuja?"

"Hapavuji," akasema, akaikumbatia ile sufuria kavu. "Hapavuji, mwanangu."