Kibuyu cha Mama Mwalimu

Mtu asinidanganye kwamba shule ni vitabu. Mimi, jina langu Wangu, nimesoma katika shule ya DEB, yaani ya bodi ya elimu ya wilaya, huko Lanet, kwenye shamba la mzungu wa ng'ombe, na najua nilichokalia darasani. Nilikalia njaa.

Mwaka wa hamsini na nane tulikuwa darasa la nne, mwaka wa mtihani. Ukifaulu, unaenda shule ya kati. Ukianguka, unarudi kwa mama yako kukamua na kulisha ndama mpaka uolewe. Mwaka uliotangulia hakuna hata mmoja aliyefaulu. Ofisi ya elimu mjini Nakuru ikasema supavaiza atakuja kuangalia, na kama watoto ni wazito wa kichwa, darasa la nne litaondolewa.

Wazito! Alfajiri tulikuwa zizini na wazazi. Kengele ikilia, somo la kwanza kwenye ratiba ni shamba la shule: jembe mkononi, jua linapanda. Ndipo tunaingia kufanya hesabu, tumbo likiunguruma kuliko mwalimu. Siku moja Chepkorir, msichana mwerevu kutuzidi wote, alianguka kati ya mistari ya mahindi, na jembe lake likaanguka naye.

Aliyekuja mbio ni mke wa mwalimu wetu Hezekiah. Jina lake Cheptanui, lakini sisi tulimwita Mama Mwalimu. Mama huyu hakuwahi kukaa darasani, na ulimi wake ulikuwa pilipili. Alimbeba Chepkorir mgongoni, akamgeukia mumewe mbele yetu sote.

"Baba Kemboi, hawa unawafundisha hesabu ama unawafundisha kufa?"

"Ratiba imetoka ofisini," Mwalimu akasema. "Mimi ni nani niiguse?"

"Basi shika ratiba yako. Mimi nitashika matumbo."

Akapita nyumba kwa nyumba kwenye kambi ya wafanyakazi. Mwenye ng'ombe wake alitoa maziwa kidogo, asiye naye alitoa kuni. Mama Mwalimu alisugua vibuyu vyake kwa kijiti cha moto, kama Wakalenjin wafanyavyo, akatia maziwa, akayaacha siku kadhaa yagande yawe mursik. Siku ya kwanza nilipoona kikombe changu kina maziwa ya kijivu, nikalia. Mimi Mkikuyu, nikajua nimemwagiwa majivu!

"Kunywa, wewe," akaniambia. "Huo ni mkaa wa dawa. Ama unangoja chai ya mzungu?"

Nikanywa. Mwenye njaa hana miiko, na kesho yake nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kila mmoja alipata kikombe kidogo saa ya mapumziko, na hakuna aliyeanguka tena.

Siku ya supavaiza ikafika. Kwa Mama Mwalimu, siku kubwa haifunguliwi kibuyu cha jana. Alishusha kile cha zamani kabisa, kilichokaa juu ya dari tangu mvua, maziwa mazito ya kukatwa na kisu. Akatugawia kabla ya hesabu, vikombe viwili viwili, tupate nguvu.

Jamani! Kama hujawahi kunywa mursik ya zamani baada ya kulima, usianze siku ya ukaguzi. Mwalimu alikuwa ametoka kwenda kumpokea mgeni njiani. Mimi nakumbuka nilishika sleti, basi. Niliposhtuka, Bwana Obura, supavaiza mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni na vumbi hadi kwenye nyusi, Mwalimu nyuma yake, na darasa zima linakoroma.

"Mwalimu," akasema, "hii ni shule ama ni wodi?"

Mwalimu Hezekiah akaanza kututikisa mmoja mmoja. Nikaona darasa letu linaondoka hivi hivi. Nilitaka kulia, nikaogopa hata kulia.

"Nitaandika nilichoona," Bwana Obura akasema.

Mama Mwalimu akaingia. Nilidhani atamrukia. Wapi! Alikuwa amejifunga leso vizuri, na kibuyu mkononi.

"Baba, umetoka Nakuru kwa baiskeli, na upepo huu. Mgeni haondoki kwetu na koo kavu. Kunywa kwanza, halafu utufungie darasa."

Bwana Obura alikuwa na hasira, lakini alikuwa na adabu pia. Akanywa. Akapanguza mdomo, akaongezewa. Kisha akaandika hesabu ubaoni, ubao mzima, akaketi kwenye kiti cha mwalimu kutungoja. Sisi usingizi ulikuwa umetutoka, vichwa vyepesi. Tukaanza. Nilipoinua macho kuomba chaki, kidevu cha supavaiza kilikuwa kifuani.

Mkuki kwa nguruwe mtamu! Mwalimu alishika kichwa. "Amsha mtu, Cheptanui, tumekwisha!"

"Mwache," akanong'ona. "Amechoka mtoto wa watu."

Hakuna aliyecheka, ingawa Chepkorir aliuma mkono wake. Tulifanya hesabu zile mpaka mwisho, na tulipomaliza tukakaa kimya tukimngoja.

Aliamka, akatazama sleti zetu, akatazama kikombe. Akapita dawati kwa dawati akisahihisha. Kwa Chepkorir hakupata kosa. Kwangu alipata, tusiseme mangapi. Akarudi mbele, na uso wake ukafunguka, akacheka mpaka miwani ikaanguka.

"Mwalimu, watoto hawa si wazito. Wamechoka, na mimi sasa najua kuchoka kwenyewe. Shamba lipeleke mchana. Hesabu asubuhi, vichwa vikiwa vipya. Na maziwa haya, mama, yabaki. Lakini baada ya hesabu, tafadhali!"

"Na darasa la nne?" Mwalimu akauliza.

"Linabaki. Kwani nimesema linakwenda wapi?"

Mwalimu Hezekiah aliketi chini, sakafuni, na suti yake ya kanisa. Sisi tukapiga kelele mpaka ng'ombe wakajibu. Mama Mwalimu hakupiga kelele. Alikwenda nyuma ya darasa, nami nikamfuata, nikamkuta amekumbatia kile kibuyu kitupu, analia.

"Nilidhani nimewafungia shule kwa mkono wangu," akasema. "Wangu, nilidhani nimewamaliza."

Nikamshika kiuno. Akajipangusa kwa leso, akanitazama kwa ukali ule ule.

"Na wewe ulikosa mangapi?"