Mto Mmoja, Kuta Tatu

Mlio wa sururu juu ya mwamba ndio ulioniamsha kila Jumatano kiangazi kile, nikiwa darasa la tano. Kijiji chetu cha Kola kilikuwa kimeitana mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu, ili tujenge ukuta katikati ya mto mkavu. Mvua ikija, mchanga ungejikusanya nyuma yake na kutuwekea maji. Wanawake walipokezana mawe wakiimba, harufu ya saruji mbichi ikichanganyika na ya jasho. Nami nilikuwa na sababu yangu ya kuutakia ukuta ule heri. Kila asubuhi nilimswaga punda hadi kisima cha mbali, nikafika shuleni wenzangu wamemaliza hesabu, na mwalimu alikuwa ameapa kwamba nikizidi kuchelewa nitarudia darasa.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi hatukuwa na chombo wala bahari, lakini manahodha tulijaliwa. Kulikuwa na watu wa mlimani, wa sokoni na wa bondeni, na hakuna upande ulioweza kumweka mwenyekiti peke yake, kwa hiyo wawili waliungana kumwangusha wa tatu. Mwenyekiti wa kwanza, mzee wa mlimani, aliinua ukuta hadi kiunoni, kisha wa sokoni na wa bondeni wakapatana, akaondolewa. Mrithi wake, mwenye duka sokoni, alikataa katakata kumalizia kazi ya mwingine, akachimba msingi mpya karibu na kwake. Ukuta haujafika magotini, wa bondeni wakamgeuka na kuungana na wa mlimani. Zawadi ya watu wa bondeni ikawa kiti cha mwenyekiti, na msingi wa tatu ukachimbwa kwao.

Mama alisimama mkutanoni kwa hasira. "Kwani maji inajua iko upande gani? Si mmalize ile ya kwanza! Mtoto yangu amechoka na barabara."

"Ngoja tu, mama," mwenyekiti mpya akamjibu kwa upole wa kuudhi. "Hii yetu itakuwa na nguvu kushinda ya hao."

Mvua ilikuja, maji yakaziruka kuta zote tatu na kwenda zake. Nilirudia darasa la tano, nikakaa dawati moja na mdogo wangu, na uchungu ule haujanitoka.

Siku hizi naishi mjini, Syokimau, nafungua mfereji wa maji nyumbani bila kuwaza. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama, nikakuta kuta zimeota nyasi na wenyeviti wale watatu bado hawasalimiani. Tulikuwa jikoni redio ilipotangaza kuwa kwenye kisiwa kimoja kidogo huko Pasifiki serikali ya muungano imeanguka tena: wabunge wamehama upande, waziri mkuu mpya ameapishwa, na tayari kuna wanaopanga kumng'oa. Nilicheka kwa uchungu. Mama, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kisimani, hakucheka.

"Na watu ya huko," akauliza, "saa hii wanateka maji wapi?"