Taa ya daktari iliyouponya mdomo wangu, na mtani aliyekuja na jembe kunizika

Wakuu wa baraza hili, salaam kwenu nyote, wa milimani na wa pwani.

Mimi ni mzee wa Bigwa. Kusoma nilisoma kwa padri masika moja tu, basi. Anayetaka kucheka mwandiko wangu acheke, lakini haya yamenipata mwenyewe, sikutia chumvi.

Nilianza kwa upagazi, nikabeba mizigo ya watu mpaka bega likaota sugu. Leo nauza tumbaku ya shamba langu sokoni Morogoro, sina bwana.

Tumbaku haijiuzi, wakuu. Inauzwa kwa kupiga kelele.

Basi kikaota kidonda mdomo wa chini, pale ninapoweka kiko. Nikapaka dawa za kwetu, zikachoma vizuri, nikaridhika. Kidonda hakikuridhika. Kikapanuka, kikawa kigumu, kikaanza kunuka hata wateja wakasimama mbali.

Misheni wakakitazama, wakasema ni saratani, niende hospitali Dar es Salaam. Huko ama nikatwe mdomo, ama nijaribiwe taa mpya ya Wadachi, ile ambayo mwanga wake hupenya nyama.

Nikakataa. Mke wangu akalia, nikakataa. Muuzaji asiye na mdomo ni nani?

Ndipo akaja Mhina.

Mhina ni Mzigua wa Dakawa, mtani wangu. Wasiotujua wajue: Mluguru kama mimi akifa, mtani ndiye anayeshughulika na kaburi, na lolote atakalosema hakasirikiwi. Akaingia uani na jembe begani, mimi nimekaa hapo hapo, mzima!

"Shemeji," akamwambia mke wangu, "nionyeshe mahali. Masika yakianza udongo utakuwa mzito, sitaki taabu."

Akachukua ufito akanipima toka utosini mpaka kisigino.

"Kaburi fupi litatosha. Ila mdomo tuuchimbie la kwake."

Mke wangu, aliyekuwa akilia siku zote zile, akacheka mpaka akaketi chini. Mimi damu ikachemka. Kumpiga mtani siwezi. Nikasema, "Kesho napanda gari la moshi, ukose kazi!"

"Twende wote," akasema. "Maiti atarudishwa na nani?"

Ndivyo nilivyofika Dar es Salaam. Kwa hasira.

Daktari akanilaza, akanifunika uso kwa bamba la risasi lenye tundu, kidonda tu ndicho kikabaki wazi. Juu yangu chupa ya kioo ikawaka kijani, ikatatarika kama chumvi motoni. Pakanuka kama baada ya radi.

Nikangoja maumivu. Hakuna! Nikaona nimedanganywa. Kwetu dawa isiyochoma si dawa.

"Bwana daktari, ongeza! Nimetoka mbali."

Mhina naye mlangoni, "Mwongeze uso mzima, bwana, pengine atapendeza."

Daktari hakucheka. Akanyoosha mkono wake wa kushoto. Vidole viwili havipo.

"Zamani tuliwasha bila kipimo," akasema. "Taa hii haiumi leo, mzee. Inauma baadaye."

Akanionyesha kidonge kidogo alichokiweka karibu na chupa. Kinaanza kijani, kikigeuka rangi ya jani kavu, anazima. Hiyo ndiyo elimu mpya, wakuu. Taa walikuwa nayo tangu zamani. Kiasi ndicho walichokuwa hawakijui.

Nikalala chini ya taa ile mara kadhaa, kwa kiasi chake yeye, si changu.

Mdomo ukawa mwekundu, ukachubuka, nikanywa uji kwa shida, nikamtukana daktari kwa Kiluguru. Kisha gamba likakauka. Asubuhi moja likadondoka kwenye bakuli la uji, na chini yake ngozi changa, laini.

Nikamwita Mhina atazame. Akatazama sana. Nikangoja tusi.

Akageukia ukutani, mabega yakitikisika kwa kilio.

Wakuu, Mzigua kukosa neno mbele ya Mluguru, nani amewahi kuona?

Nilichojifunza ni hiki: kidonda kisichofunga usikifuge nyumbani kwa kiburi kama mimi. Kipeleke mapema, na ukifika huko usimfundishe daktari kazi.

Aliyewahi kulala chini ya taa hiyo aandike hapa ilivyomwendea. Asiyeamini aje sokoni siku ya gulio. Hana haja ya kuniulizia, atanisikia kabla hajaniona.