Alizeti za Shina Moja

Dada yangu tunamwita Kiherehere, na jina limemkaa. Chakula anakula amesimama. Ukimaliza kufagia, naye anafagia. Alipoacha kazi ya kufua mashuka hospitalini ndipo akazidi, maana mwenye duka la maua alikuwa amemwagiza alizeti mia mbili za harusi, miezi miwili mbele. "Ukileta nzuri, kila wiki nanunua kwako," alimwambia. "Ukinitia aibu, tusijuane."

Basi akawa analala na katalogi ya mbegu, anaamka nayo. Mimi picha zinanitosha. Ua ni ua. Yeye alinifuata hadi jikoni, kidole kwenye ukurasa.

"Angalia, mdogo wangu. Alizeti wamezigawa mafungu mawili. Hizi za matawi unazikata ncha zikiwa changa, zinatoa maua mengi madogomadogo, kila moja kwa wakati wake. Hizi nyingine ni shina moja, ua moja. Ndefu, na zinachanua zote pamoja. Harusi inataka hizi. Unanisikia?"

"Nakusikia, dada." Nilikuwa naangalia simu.

Zikaota vizuri, mistari minne, zikafika magotini. Hapo mama akaugua, dada akaenda kumuuguza siku tatu. Aliniachia kazi moja tu, kumwagilia maji. Lakini mimi nami! Maua yetu ya zinia miaka yote tunayakata ncha, nikaona, jamani, Kiherehere kwa pilikapilika zake kasahau. Nikachukua mkasi nikamsaidia, mistari yote minne. Na nikajisifu.

Aliporudi alipitiliza bustanini, mkoba bado begani. Nikamfuata nikichekelea, nangoja asante.

"Nani amekata?"

"Mimi. Ulisahau, nikakufanyia."

Akainama, shina hadi shina, anapekua majani, anatafuta hata moja lililonusurika. "Umekata ngapi?"

"Zote, dada."

"Hizi ukizikata hazitoi kichwa kingine. Si nilikusomea?"

Kupanda upya tusingewahi. Hata mimi nisiyejua kitu niliweza kuhesabu siku zile. Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa mwenye duka, nikamwambia kosa ni langu, dada hana hatia. Alinisikiliza hadi mwisho huku akifunga shada.

"Nimekuelewa," akasema. "Sasa alizeti zangu ziko wapi?"

Akamgeukia mteja aliyekuwa anangoja.

Jumatatu asubuhi dada alivaa sare yake ya kufulia. Hospitalini walimrudisha, ila kwa kibarua cha siku kwa siku. Alikuwa anatafuta viatu chumba kizima, anainua godoro, anavuta droo, nami nyuma yake kama mkia.

"Dada, nisamehe."

"Usiniambie sasa hivi," akasema bila kugeuka. "Nikikujibu nitalia, na nikilia nitachelewa."