Nyungunyungu wa Shamba la Bibi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, miguu yangu ilimnyang'anya bibi yangu shamba. Nasema miguu kwa kuwa nimezoea kujitetea. Kwa kweli ulikuwa mdomo.

Kwetu ni Choma, wilaya ya Igunga, na neno lenyewe kila mtu analijua: nyungunyungu. Ni yule mnyoo wa udongoni anayejitokeza mvua ikinyesha. Tena ni vile vidonda vinavyochimba katikati ya vidole vya miguu, vinavyowasha mpaka usingizi unakimbia. Jina ni moja, na watu wazima wote niliowajua waliamini kwamba ukimkanyaga mnyoo huyo peku, anakuachia kidonda. Hakuna aliyebisha. Kama havihusiani, kwa nini viitwe jina moja?

Bibi peke yake alikuwa na imani nyingine. Alikuwa mama yake baba, mjane, na baada ya babu kufa alibakiwa na kipande kimoja tu cha kulima, kule kulikokuwa na zizi la zamani. Kilikuwa kidogo, lakini chake. Viazi vyake ndivyo vilivyotupa michembe, vile vipande vilivyokatwa na kuanikwa, ya kula kiangazi chote, na mgawaji alikuwa yeye. Hata mama yangu alikwenda kuomba kwa adabu. Bibi alilima kwa matuta, na kabla ya kupasua tuta la zamani alilaza magugu na mabua kwenye mfereji, kisha akayafukia. Baba alimcheka. Yeye alichoma ya kwake, shamba likabaki jeupe kama uwanja uliofagiliwa.

Jembe la Bibi likimfukua nyungunyungu, alimwokota kwa vidole akamrudisha chini ya magugu na kumwomba radhi. Alituambia kwamba hao ndio wenye shamba, sisi ni wapangaji, na kwamba mtu akiwaua, ardhi itafunga mlango. Sisi wajukuu tulimwigiza, tukawa tunawaomba radhi hata mende.

Mwaka ule mama alinipatia viatu vya plastiki vya shule, na amri moja: nisiingie navyo majini. Niliingia navyo kwenye majaruba ya mpunga karibu kila siku nikitoka shule, kwa sababu nilitaka wenzangu wavione. Nikawa nashinda navyo vimelowa. Vidole vikaanza kuchubuka, kisha vikatoa maji. Baba aliponiona nachechemea alinikalisha, akanitanua vidole, akauliza nimekanyaga wapi peku. Sikuwa nimekanyaga popote peku. Nilijua pia mama anapoweka fimbo yake.

"Kwa Bibi," nikasema.

Bibi alikuwa pale pale, anamenya viazi. Aliniangalia, kisha akaangalia nyuma ya jiko, mahali nilipokuwa nimevianika viatu kwa siri. Nilisubiri aseme. Akainamisha kichwa, akaendelea kumenya.

Asubuhi baba alijaza bomba dawa ya pamba iliyobaki msimu uliopita. Bibi alimfuata hadi shambani, nami nyuma yao nikivuta mguu. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, mimi sina kingine."

Baba alimjibu kwa heshima, maana alikuwa mtu wa heshima.

"Mama, mtoto anaoza miguu."

Alipita tuta kwa tuta, akimimina dawa udongoni mpaka ukalowa. Haikuchukua muda nyungunyungu wakaanza kutoka wenyewe, wengi kuliko nilivyowahi kudhani wapo, wakijinyonganyonga juani. Mama aliwafungia kuku wasije wakawala. Jioni wote walikuwa wamekauka, na miguu yangu iliwasha vilevile.

Msimu uliofuata, mvua ilituama kwenye shamba la Bibi kana kwamba imemwagwa kwenye sahani, kisha ikaondoka na udongo wa juu. Jua lilipowaka, ardhi iliweka ganda, jembe likawa linaruka. Magugu aliyoyafukia tuliyakuta yamelala vilevile, hayana wa kuyala. Viazi vilitoka vyembamba kama vidole. Msimu wa pili haukuwa na nafuu. Hapo majirani wakaanza kunong'ona kwamba bibi kizee amelifunga shamba kwa mdomo wake mwenyewe. Si alisema litajifunga? Baba hakuwakanusha. Alilichukua, akamwaga samadi ya ng'ombe wake, akapanda pamba. Bibi akawa mtu wa kupakuliwa. Yeye aliyekuwa akigawa alikaa mlangoni kungoja bakuli, na kabla halijaisha alisema ameshiba. Alifariki mwaka nilioanza sekondari, na sikuwa nimemwambia kitu.

Sasa nimeolewa Ulyankulu, nami nalima. Siku moja bwana shamba, kijana mdogo tu, alitukusanya, akachimba bonge la udongo, akalivunja mbele yetu. Alituonyesha vijitundu. Alieleza kwamba nyungunyungu huvuta majani makavu chini, huyala, na udongo anaoutoa hushikamana vizuri na kuwa na rutuba. Kwamba vile vijitundu ni njia za maji na mizizi. Kwamba dawa na moto humfukuza. Wenzangu walimpigia makofi. Mimi mikono ilinigoma. Bibi aliyasema karibu yote hayo bila kalamu mfukoni, na hakuna aliyempigia makofi. Kuhusu vidonda, nesi wa zahanati alinipa jibu nilipompeleka mwanangu: ni fangasi wa viatu vyenye majimaji, mnyoo hahusiki. Alimaliza kusema, akaita mgonjwa mwingine.

Mwaka jana nilikwenda Choma kumwona baba. Amezeeka, pamba ameiacha, na lile shamba limebaki la kufungia mbuzi. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamweleza habari ya viatu na uongo wangu, huku nalia mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kabula, wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Shamba lile ningelichukua tu. Nilikuwa natafuta sababu."

Alilisema kwa upole, akidhani ananitua mzigo. Nilimchukia, na bado sijamaliza kumchukia. Ila usiku sifikirii yeye. Namfikiria Bibi na viazi vyake mapajani, mbele yake mwanawe anayetafuta sababu na mjukuu anayempa. Naamini alituelewa wote wawili. Angesema neno moja tu, mimi ningechapwa, na huenda shamba angebaki nalo walau mwaka mmoja zaidi. Alinyamaza ili nisichapwe. Zingekuwa fimbo tatu, labda nne, na mimi nilikuwa na miaka tisa, ningeweza kuzivumilia.