Sweta ya Kompyuta

Mimi sijui kunyamaza. Mamangu husema nilizaliwa mdomo ukiwa wazi na haujafungika tangu siku hiyo. Kazini hunisaidia, kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na kuangalia seva, zile kompyuta kuu za maofisi, hapa Eldoret, na fundi asiye na mdomo hii kazi itamuua kwa presha. Mtu anakuletea mashine iliyomwagikiwa chai. Chai unaiona, unainusa, hata majani yake unayaokota kwenye kibodi, na yeye anakukazia macho: "Haijaguswa na mtu, ilikuwa imekaa tu." Mimi humwambia hapo hapo: ulikuwa unakunywa chai ya maziwa, tena ulitia tangawizi.

Basi kijana wangu aliponiambia kwamba mamake anataka kuniona, jambo la kwanza alilonisihi ni huo mdomo.

"Jumamosi moja tu," akasema. "Mama akisema kitu, wewe sema ndiyo, Mama. Akisema mbuzi anataga, muulize mayai yako wapi."

Nikakubali. Nilikuwa nampenda yule kijana, tena vibaya sana, na nilijua kwamba mamake akikunja uso hakuna harusi. Wiki nzima nilifanya mazoezi ya chapati katika chumba changu pale mtaa wa Huruma, mpaka majirani wakachoka kulishwa zilizoungua. Msichana akipelekwa kwa kina mvulana mara ya kwanza, wanawake wa huko hawakosi sababu ya kumwingiza jikoni waone mikono yake. Nilikuwa tayari kwa jikoni.

Jumamosi ikafika, nikaenda kwao mtaa wa Munyaka na unga, sukari, mafuta ya kupika na mkate mkubwa, maana mkono mtupu haulambwi. Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Eldoret mwezi wa saba haina adabu. Mji mzima ulikuwa unakohoa.

Mama yule hufuma sweta za shule. Ana mashine ya kufumia katika chumba cha mbele, na sifa yake mtaani ni kwamba hakuna mzazi aliyewahi kumrudishia sweta hata moja. Ndani ya nyumba yake kila kitu kimevaa. Makochi yana vitambaa, runinga ina kitambaa, redio ina kitambaa chenye maua, na chupa ya chai ina kisketi. Nilipoingia sebuleni nikaona hata mtoto ameketi kwenye kona, amenipa mgongo, amevaa sweta ya maruni yenye mistari ya kijani. Nusura nimsalimu. Kumbe ni kompyuta.

Haki ya Mungu, ilikuwa ni ule mtambo wenyewe, lile sanduku ambalo watu huliita CPU, limevishwa sweta ya sufu nzito yenye kola. Pembeni kulikuwa na matundu mawili ya kupitishia waya, yamefumwa vizuri kama ya mikono. Nyuma kulikuwa na tundu la tatu, la waya wa stima.

"Huyu ndiye fundi?" Mama akauliza. Kando yake walikuwa wameketi shangazi wawili wa kijana wangu, mikono kifuani, kama mahakimu. "Afadhali umekuja. Chapati tutapika sisi. Wewe nitengenezee hii kitu, saa kumi mjukuu wangu anapiga simu."

Hapo ndipo nilipoelezwa. Binti yake ni muuguzi Ujerumani, na siku hiyo mtoto wa yule binti alikuwa anatimiza miaka mitano. Kila Jumamosi mtoto huongea na bibi yake, anayemwita Shosho, kwa video kupitia kompyuta ile. Simu ya mkononi Mama hataki kuisikia. Ati humo mjukuu anaonekana mdogo kuliko alivyozaliwa. Lakini tangu baridi ianze, wakiongea kidogo tu, mashine inajizima. Jumamosi iliyopita ilijizima mtoto akiwa katikati ya wimbo, na Mama hakula chakula cha jioni.

"Umejaribu kuizima na kuiwasha, Mama?" nikauliza, kwa mazoea tu ya kazi.

"Inajizima yenyewe. Mimi nina haja gani ya kuisaidia?"

Shangazi mmoja akacheka puani. Nikapiga magoti, nikaweka mkono juu ya sweta. Ilikuwa moto kama kikaango. Ugonjwa niliujua hapo hapo, hata bisibisi sikuhitaji. Kompyuta hutoa joto, ina feni ya kulipuliza nje, na hii ilikuwa imefungwa pua na mdomo kwa sufu.

Nikageuka kufungua huu mdomo wangu. Kijana wangu, aliyesimama nyuma ya mamake, akanitolea macho na kutikisa kichwa kwa hofu. Nikaufunga.

"Mama, hii sweta ilianza lini?" nikauliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

Akafurahi kuulizwa. Mwanzoni, akasema, ilikuwa na kitambaa chepesi tu. Baridi ilipoingia ikaanza kuzima, naye akaona wazi kwamba inaumwa na baridi kama watu wengine. Akaifumia sweta. Ikazidi kuzima. Akaitia bitana ya blanketi kwa ndani. Ikazidi kabisa. "Sasa nimeianzia kofia," akasema, akanionyesha kofia yenyewe ikiwa kwenye sindano.

"Ndiyo, Mama," nikasema. Niseme nini tena? Nikaivua sweta nikisema nataka nafasi ya kufanyia kazi. Nikafungua sanduku. Ndani kulikuwa na manyoya ya sufu ya kutosha kufuma soksi, na feni ilikuwa imeyasokota yote. Nikayatoa kwa brashi. Ili nionekane nafanya jambo la maana, nikachomoa memori, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, na kuisugua meno kwa kifutio cha shule, jambo ambalo husaidia kweli, lakini si siku hiyo. Nikaiwasha. Ikanguruma vizuri, haikuzima.

"Mikono yake ni mizuri," shangazi mkubwa akasema. Moyo wangu ukacheza.

"Basi mvishe," Mama akasema.

Akaivisha mwenyewe, akaifunga na kola. Haikupita muda, tii, ikazima.

"Ati fundi," yule shangazi akasema.

Nikaanza kusema uongo. Nilisema ni stima ya Munyaka, inapanda na kushuka. Nikasema ni waya. Nikavua, ikawaka, Mama akavisha, ikazima. Nikajaribu kumwambia kwa mbali kwamba seva tunazoangalia kazini tunaziweka katika chumba chenye mashine ya kupuliza baridi usiku na mchana, mpaka sisi wenyewe huingia na makoti.

"Mnazilaza kwenye baridi?" Mama akashika kifua. "Na nyinyi mmevaa makoti? Hamna huruma!"

Jasho lilinitoka mwezi wa saba. Kijana wangu alikuwa ameketi anakula mkate niliouleta mimi.

Saa kumi ikafika, na kompyuta, niliyoiwasha tena, imevaa sweta yake. Simu ikaingia. Mtoto akatokea kwenye skrini na gauni la manjano, keki mbele yake, mishumaa inawaka. "Shosho! Nitapuliza wewe ukiona!" Mama akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukilainika namna ile. Wakaanza kuimba, shangazi wakaimba, hata mimi nikaimba. Mtoto akavuta pumzi, akajaza mashavu.

Tii. Skrini ikawa nyeusi.

Mama akakigusa kile kioo cheusi, akasema polepole, "Amezimika tena," na machozi yakamshuka. Halafu akajifuta kwa leso akamwambia shangazi mdogo, "Leta blanketi. Lile la Kimasai. Inakufa kwa baridi."

Shangazi akainuka. Na hapo, jamani, mambo yakanifika shingoni.

"Mama, wewe ndiye unaiua!" Nyumba nzima ikasimama. "Haina baridi! Ina joto, haipumui! Umeiziba pua, umeiziba mdomo, sasa unataka kuizika na blanketi! Kila ukiivisha inazima, ukiivua inapona, na huyu mwanao anaona na anakula mkate!"

Kijana wangu akajifunika uso. Nami nilikuwa nimeshaanza, na nikianza huwa sina breki. Nikaivua ile sweta kwa nguvu, nikang'oa ubavu wa sanduku, nikapaza sauti: "Leteni vifuniko vya sufuria! Mpepee!" Sijui ni kwa nini walinitii. Shangazi wale wawili wakaja mbio na vifuniko, wakaipepea kompyuta kama watu wanaochochea jiko la mkaa. Nikaiwasha. Ikakubali. Nikapiga simu Ujerumani.

Mtoto alikuwa bado ameketi mbele ya keki. Nusu ya mishumaa ilikuwa imejiyeyukia. "Nilikataa kupuliza," akasema. "Nilikuwa nangoja Shosho." Kisha akachungulia. "Kwa nini wanapiga upepo na sufuria?"

"Wewe puliza, mama, sisi pia tunapuliza," Mama akamjibu, akicheka na kulia. Mtoto akapuliza. Wakaongea mpaka keki ikakatwa, ikaliwa, na mtoto akapelekwa kunawa. Mashine haikuzima.

Simu ikakatwa. Mama akaiokota sweta chini, akaanza kuikunja polepole, mkono juu ya mkono. Nikachukua mkoba wangu. Nilijua nimeharibu, na chapati za kunitetea sikupata nafasi ya kuzipika.

"Kwa nini hukuniambia ulipoingia?" akaniuliza.

"Niliogopa, Mama."

"Uliogopa nini?"

Nikamwonyesha mwanawe kwa kidole. "Kumkosa huyu."

Mama akageuka, akamtazama mwanawe, aliyejaza mkate mdomoni, makombo kwenye shati. "Huyu?" akasema. "Huyu ameketi hapa tangu baridi ianze, akiona mamake akikosa mjukuu kila Jumamosi, na hakufungua mdomo ila kwa chakula. Heri wewe wa makelele." Kisha akanitupia ile sweta kifuani. "Sweta yangu haijawahi kurudishwa, na haitaanza leo. Nyinyi wawili, mtafuteni wa kuivaa."

Shangazi mkubwa alikuwa bado ameshika kifuniko cha sufuria. "Mficha uchi hazai," akasema, na shangazi wote wawili wakapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza.

Harusi ikafanyika, na wa kuivaa tulimpata. Alizaliwa mwaka uliofuata, na mwezi wa saba wa mwaka wake wa pili ulipofika sweta ilimtosha, isipokuwa lile tundu la waya wa stima, linaloingiza upepo mgongoni. Kwa hiyo juu ya sweta nikamvisha koti, kofia ile ya kompyuta, soksi mbili mbili, na blanketi la Kimasai. Mama akaingia, akamwona amelowa jasho chapachapa, akatupa mkoba chini.

"Wewe!" akapaza sauti, huku akimvua kimoja kimoja. "Unamfunika hivi, unataka azime?"

Nikaenda jikoni kuleta kifuniko cha kumpepea.